Masikio ya Upande wa Mama

Mama Lebo alifika wodini saa tatu asubuhi, kapu mkononi, kijasho kinamtoka, na neno la kwanza alilopokewa nalo lilikuwa, "Pole pole, mkwe, ndiyo kwanza amelala."

Aliyesema alikuwa bibi mwenzake, mama mzaa baba wa mtoto. Huyu ni fundi cherehani, mwanamke mrefu ambaye akiongea na mteja wake mtaa mzima unajua nani kanenepa. Leo alikuwa ananong'ona.

Kitandani alikaa binti yake Mama Lebo, mzazi wa siku mbili, nywele kazifunga ovyo, macho yamemvimba. Mapajani amemlaza mtoto wa kike, mzaliwa wa kwanza, kafungwa plasta mkononi kushikilia kamrija ka kupitishia dawa. Mkono wenyewe ungeweza kuuvisha pete ukapita mpaka kwapani. Tangu alfajiri mtoto alikuwa hanyonyi. Akipewa ziwa anageuza uso, na ukimgusa paji la uso unarudisha mkono haraka.

"Daktari anasemaje?" Mama Lebo aliuliza, kapu bado analo.

"Damu imeingiwa na wadudu," alijibu fundi cherehani. "Si unajua mama mtu alishikwa na homa akiwa kwenye uchungu? Basi na mtoto imempata. Ameshapigwa sindano moja. Ipo ya pili, ila imeisha hapa wodini, wametuma mtu stoo. Nusu saa, wanasema."

"Sindano gani?"

"He! Mimi nitajulia wapi? Sindano ni sindano, mkwe."

Ndugu zangu, mwambieni mtu yeyote maneno hayo, msimwambie Mama Lebo. Alikuwa ametunza maabara ya shule ya sekondari miaka thelathini na mmoja. Hakusoma hata hiyo sekondari. Aliingia kama mfagiaji, akapewa kuosha vyombo, akapewa funguo za kabati, na mwisho wa yote hakuna mwalimu aliyethubutu kugusa chupa bila kumuuliza. Kila chupa aliibandika karatasi: jina, tarehe, nguvu ya dawa, nani kaifungua. Chupa isiyo na lebo aliimwaga, hata kama ni maji ya kunywa ya mwalimu mkuu. Na ndivyo ilivyotokea kweli, mwalimu mkuu akanuna wiki nzima. Nyumbani kwake sukari ina lebo. Chumvi ina lebo. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwa utani kwamba analala chali ili asije akabandikwa mgongoni.

Basi hakuuliza tena. Aliweka kapu chini, akachukua karatasi ya matibabu iliyoning'inia miguuni pa kitanda, akavaa miwani. Sindano ya kwanza akaipita. Ya pili akaisoma mara mbili, herufi moja moja, kidole chini yake.

Jentamaisini.

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuangalia anakalia nini. Alikalia khanga za mtoto.

"Vipi, mama?" binti aliuliza.

"Hamna kitu. Miguu tu, nimetembea."

Uongo mtupu. Ili umwelewe mama huyu kwa nini jina la dawa lilimkalisha hivyo, itabidi nikurudishe kwenye ile maabara, miaka kumi na miwili nyuma.

Palikuwa na mwalimu wa baiolojia waliyemwita Chaki, kwa sababu suruali zake zote zilikuwa nyeupe mifukoni. Kila mwaka, muhula wa kwanza, Chaki alisimulia kisa kile kile, na kila mwaka Mama Lebo alikuwa nyuma ya darasa anaosha vyombo, kwa hiyo alikijua kuliko wanafunzi. Hata pale Chaki aliporuka sehemu, yeye alijua ameruka.

"Zamani," Chaki alikuwa akianza, "na nikisema zamani simaanishi enzi za babu yenu, nasema miaka bilioni mbili hivi, dunia ilikuwa na uhai lakini uhai wenyewe vijidudu vitupu. Seli moja moja. Hakuna samaki, hakuna jani, hakuna wewe unayelala huko nyuma. Oksijeni ikaanza kujaa, na kwa wengi wao oksijeni ilikuwa sumu. Lakini kulikuwa na bakteria mmoja mdogo aliyejua kuitumia. Siku moja seli kubwa ikammeza."

Hapo alikuwa akinyamaza, anafuta mikono kwenye suruali.

"Ikammeza isimsage. Kwa nini, hakuna ajuaye vizuri. Yule bakteria akakaa humo humo tumboni, akaanza kulipa kodi ya nyumba: anachoma chakula kwa oksijeni, nguvu anampa mwenye nyumba. Nguvu tele! Kwa nguvu hizo seli ikaweza kuwa kubwa, ikaweza kuungana na wenzake, ndiyo mkaona miti, nyuki, tembo, na mwalimu wenu mpendwa. Mjukuu wa yule aliyemezwa yumo ndani yako sasa hivi, maelfu kwa maelfu katika seli moja ya msuli tu. Jina lake mitokondria. Na hadi leo ana maandishi yake mwenyewe ya urithi, hachanganyi na yako. Tena unampata kwa mama peke yake. Baba hakupi hata mmoja. Wavulana, mnaye, lakini kwenu safari yake inaishia hapo."

Wavulana walikuwa wakizomea, wasichana wanapiga makofi. Kila mwaka. Mama Lebo alikuwa akicheka na sabuni yake.

Mwaka ule sasa, msichana mmoja asiyependa mambo nusunusu akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ni bakteria, mbona tukipigwa dawa za kuua bakteria yeye hafi?"

Chaki akafurahi mpaka akakalia meza. Akasema hilo ndilo swali. Akasema mitokondria amebadilika sana kwa huo muda wote, ndiyo maana dawa nyingi zinampita bila kumtambua. Lakini wapo watu ambao kwenye maandishi ya mitokondria wao ipo herufi moja tu iliyogeuka, ikawa kama ya bakteria wa zamani. Dawa ya kundi fulani ikiingia, inamwona adui wake yule yule. Na mahali panapoumia kwanza ni sikio la ndani, kwa sababu vinyweleo vya kusikilizia humo vinakula nguvu nyingi na vikifa havioti tena. "Mtu anatoka hospitali amepona kifua," Chaki alisema, "lakini hasikii. Yeye, na dada zake, na watoto wa dada zake, kila atakayepigwa sindano hiyo."

Nyuma ya darasa bomba la kioo lilipasukia mkononi mwa Mama Lebo.

Maana mama yake mzazi alitoka hospitali amepona kifua, na mwezi ule ule akawa hasikii. Mama yake mdogo vivyo hivyo. Kisha kaka yake, pande la mtu, seremala, alipigwa sindano za kidonda cha mguu akiwa na miaka kumi na tisa. Kidonda kikakauka, na masikio nayo yakapiga filimbi siku chache, kisha yakafunga. Upande wa baba waliwaita nyumba ya viziwi. Walisema ni laana, walisema ni watu wabaya, walisema kila kitu. Mama Lebo aliogopa sindano maisha yake yote bila kujua kwa nini anaogopa, na siku ile, damu inamchuruzika kwenye sinki, alijua.

Baada ya kipindi alimfuata Chaki akamwomba majina ya dawa hizo. "Nauliza tu," alisema. Chaki akayataja, naye akayaandika kwenye lebo, matatu, na hili la jentamaisini likiwemo, kwa mwandiko wake safi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati lake la kazini. Imekaa hapo miaka kumi na miwili. Na hakumwambia mtu yeyote. Hata binti yake.

Utamuuliza kwa nini, mwanamke anayebandika lebo kwenye chumvi! Kwa sababu binti alikuwa amekua, wachumba wameanza kuulizia, na nani anaoa nyumba ya viziwi? Walipokuja wakwe kuleta posa, fundi cherehani huyu huyu aliuliza kwa adabu zote kama kuna ugonjwa wa kurithi katika familia. Mama Lebo akamkazia macho akasema hakuna. "Na yule kaka yako tunayesikia hasikii?" Akasema alianguka kwenye mti utotoni.

Sasa ndiyo yuko hapa, amekalia khanga, nusu saa imebaki dakika ishirini.

Akili yake ilikwenda mbio mpaka ikawa haina faida. Akisema, mkwe atajua aliongopewa mchana kweupe, na baba mtoto, dereva wa lori aliyeko safarini, ataambiwa kwa simu kabla jua halijatua. Asiposema, ile chupa inakuja. Na je, kama hiyo ndiyo dawa pekee ya kumwokoa mtoto? Kama ataizuia, halafu mtoto afe, kisa maneno ya Chaki aliyoyasikia akiosha vyombo? Yeye ni nani? Akamtazama mtoto. Sikio lake lilikuwa bado limejikunja kidogo juu, lina manyoya laini. Mama Lebo alitaka kulia na machozi hayakuja.

Alinyanyuka akaenda kwenye meza ya nesi, akajitia hamnazo.

"Nesi, samahani mwanangu. Hiyo sindano ya mjukuu wangu, haina mbadala?"

"Kwa nini, mama? Familia yenu ina mzio?"

"Labda."

Nesi, binti wa watu aliyeonekana hajakaa tangu aamke, aliinua macho. "Labda siwezi kuiandika kwenye faili, mama. Ina, au haina?"

"Naweza kuongea na daktari? Pembeni lakini."

"Atapita. Akipita utamwambia."

Pembeni! Akarudi kitandani. Akapanga sentensi. Akaipangua. Akaanza kukunja khanga moja, akaikunja mara nne, akaikunjua. Fundi cherehani akamwambia, "Tulia, mkwe, jikaze. Dawa inakuja." Na kweli, mlangoni aliingia mtu wa stoo na boksi dogo, akalikabidhi mezani, akatia sahihi. Nesi akavunja shingo ya chupa. Mama Lebo aliisikia ile tik ya kioo kutoka vitanda sita mbali. Sauti hiyo anaijua.

Nesi alikuja na sahani ya bati, sindano ikiwa juu ya pamba. Nyuma yake akaja daktari, kijana mnene mwenye miwani, anasoma huku anatembea.

"Daktari," alisema Mama Lebo. "Naomba nikuone nje."

"Mama, nikimaliza huyu."

"Kabla ya huyu."

"Mtoto ana homa, mama, hii dawa imeshachelewa. Kama lipo la kusema, lisemee hapa hapa."

Nesi alishaushika mkono wa mtoto. Alishafungua kile kifuniko kidogo cha mrija.

Mama Lebo akamshika nesi kiwiko. Jambo hilo halifanyiki hospitalini na yeye analijua, lakini alimshika, tena kwa nguvu. Na akasema, kwa sauti aliyoizoea ya kukemea watoto wanaochezea asidi: "Asipigwe hiyo! Sisi hiyo inatuua masikio."

Wodi nzima iligeuka. Fundi cherehani alikuwa wa kwanza.

"Sisi nani?" daktari aliuliza.

Basi akayamwaga. Mama yake. Mama mdogo. Kaka yake. Sindano zipi, baada ya siku ngapi. Aliyataja kwa mpangilio kama anasoma kabati, rafu ya juu mpaka ya chini, na muda wote huo alikuwa anamtazama daktari ili asimtazame mkwe. Akamaliza, "Na ni upande wa mama yangu. Upande wa mama peke yake."

Daktari hakucheka. Alivua miwani. "Nani alikuambia kuhusu upande wa mama?"

"Mwalimu mmoja. Nilikuwa naosha vyombo."

"Rudisha hiyo," daktari alimwambia nesi, halafu yeye mwenyewe akaichukua sindano akaiweka kwenye sahani, mbali. "Sikiliza, mama. Ingekuwa sina nyingine, ningempiga hiyo hiyo, maana mtoto asiyesikia ni mtoto, na maiti ni maiti. Lakini ninayo nyingine, iko kwenye friji yangu hapo. Nesi, kimbia." Kisha akamwandikia mtoto kwenye faili kwa wino mwekundu, herufi kubwa, akazipigia mstari mara mbili. Mama Lebo aliyasoma maandishi yale kichwa chini, akayaona yamekaa sawa.

Dawa nyingine ilikuja ikaingia. Mtoto alilia, tena kilio chenye hasira, na watu wazima wote pale kitandani walikifurahia kilio hicho. Mama Lebo akaikunja ile khanga, safari hii mara moja tu. Alidhani yamekwisha.

"Kwa hiyo hakuanguka mtini," alisema fundi cherehani.

"Hakuanguka."

"Na siku ya harusi ukasema yuko safarini."

"Alikuwa nyumbani kwake." Mama Lebo sasa alimtazama. "Alikuwa ameshavaa suti. Anangoja nimpelekee gari. Sikupeleka."

Fundi cherehani aliweka mikono kiunoni. Halafu akasema, na sauti ya kunong'ona ilikuwa imemwisha, "Mama wee! Kwani ungeniambia, ningekufanya nini? Ningemkataa huyu mtoto wa watu kwa sababu ya masikio? Wewe unanionaje?"

Miaka yote ile Mama Lebo alikuwa amemwogopa mwanamke huyu kwa jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliona aibu, lakini ilikuwa aibu nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo, na akaanza hata kutabasamu kidogo.

Daktari alikuwa ameshageuka kwenda kitanda kingine. Alipiga hatua mbili, tatu. Akasimama. Akarudi, na hakumwangalia mtu yeyote, akachukua faili la pili pale miguuni pa kitanda, la mama mtoto. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine.

"Mama mtoto naye alikuwa na homa," alisema taratibu. "Wewe walikupa dawa gani, dada?"

"Sindano," alisema binti. "Tangu nilipojifungua. Kila asubuhi moja. Ya tatu nimepigwa leo, kabla mama hajaja."

Hakuna aliyemuuliza ni ipi. Daktari alikuwa bado ameshika ukurasa ule kwa vidole viwili, na Mama Lebo, ambaye alikuwa amesoma karatasi moja tu asubuhi ile, ya mtoto, alijua bila kuvaa miwani. Siku tatu. Muda wote huo yeye alikuwa shuleni anaandaa mtihani wa vitendo, anabandika lebo kwenye chupa za watoto wa watu. Kwenye simu aliambiwa mama mtu hajambo, ana homa kidogo, anapewa dawa. Akasema, haya, Mungu mkubwa, nitakuja kesho kutwa.

"Dada, niangalie," daktari alisema. "Masikio yako yakoje?"

"Mazima tu." Binti alicheka kidogo, ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu mama yake aingie. Alimpandisha mtoto begani, akampapasa mgongo. "Nakusikia vizuri, daktari. Ila nilikuwa nataka kuwaambia tangu jana, hiyo mashine yenu inayopiga filimbi, si mwambieni mtu aizime? Mtoto atalalaje?"

Nesi alitazama ukutani. Fundi cherehani alitazama juu, akatazama dirishani, akainama hadi chini ya kitanda. Wodi ile haikuwa na mashine hata moja.

Mama Lebo alitega masikio. Alisikia mtoto anahema. Alisikia viatu koridoni na maji yakidondoka kwenye ndoo. Alisikiliza kwa masikio yake mawili mazima, alijitahidi kwa nguvu zake zote kuisikia hiyo filimbi.

"Jamani," alisema binti, anawatazama mmoja mmoja, "kwani nyie hamuisikii?"